Kesi za ujenzi na nishati: mimi nilivyoingia

Mdogo wangu, umesema umetoka Law School juzi, unataka kujikita kwenye kesi za ujenzi na nishati, na unauliza kama usome masters kwanza. Mimi nipo humo mwaka wa 14, hapa Dar.

Kesi ya kwanza niliingia na sheria ya mikataba kichwani na tai mpya shingoni. Mteja alikuwa mkandarasi wa barabara. Eneo la kazi alikabidhiwa vipande vipande kwa sababu wenye viwanja walikuwa hawajalipwa fidia, mitambo ikalala. Haki alikuwa nayo. Ila mkataba ulikuwa FIDIC, yaani masharti ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chekundu cha 1999, na kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 kutoa taarifa ya dai tangu ajue, au alipopaswa kujua, kilichomkwamisha. Yeye alilalamika kwenye kila kikao cha saiti, lakini barua kwa mhandisi anayesimamia mkataba aliandika baada ya miezi mitano. Nikabishana siku nzima mbele ya msuluhishi (arbitrator) kwamba mihtasari ya vikao inatosha kuwa taarifa. Wakili wa upande wa pili alisimama kama dakika kumi, akasoma tarehe mbili, akakaa. Dai kubwa likafia hapo.

Tangu siku ile sifungui kitabu cha sheria kabla sijapanga barua zote kwa tarehe. Nikimaliza naomba daftari la saiti, vyeti vya malipo, na ratiba ya kazi ya mwanzo pamoja na kila iliyorekebishwa. Halafu namtafuta mkadiriaji majenzi (QS, mpimaji wa kiasi na gharama za kazi), namnunulia chai, anifundishe taratibu. Ukiona aibu kuuliza zege la daraja (grade) fulani maana yake nini, utaulizwa na msuluhishi, na wengi wao ni wahandisi.

Nishati watu wanaiogopa bure. Sehemu kubwa ni ujenzi ule ule, ila mkataba unaishi miaka 20 baada ya jengo kusimama. Soma shauri la IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, na TANESCO, shirika la umeme la taifa, lililofunguliwa 1998 ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Watu wanakumbuka siasa tu, lakini moja ya hoja nzito ilikuwa injini: mtambo wa Tegeta uliwekewa injini za dizeli za mwendo wa kati badala ya zile za mwendo wa taratibu zilizokubaliwa, na bei ikabaki palepale. Baraza la usuluhishi la ICSID lilipotoa uamuzi, gharama ya mradi inayohesabiwa kwenye bei ya umeme ilishuka kutoka takriban dola milioni 163 hadi 127. Wakili asiyeelewa injini angeipitia hoja hiyo bila kuiona.

Mengine utayasoma mwenyewe: Sheria ya Umeme ya 2008, maamuzi ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na rufaa zake Baraza la Ushindani, Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Na ukienda mahakamani dhidi ya taasisi ya umma, usisahau notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nimeona jalada zuri likitupwa nje kwa hilo.

Masters? Subiri. Omba kwanza miezi sita kwenye kitengo cha mikataba cha mkandarasi yeyote, hata kwa posho ya nauli. Kama bado utazipenda barua za mhandisi baada ya hapo, njoo PM tuongee ada.