Mshauri akimuulizia paka, msimcheke

Dada uliyeuliza kama mshauri wa ndoa aliyemuulizia paka wenu ana akili timamu: anazo, tena anajua anachokitafuta. Wetu alipomuulizia paka, mimi nilicheka kwa sauti.

Mimi na mume wangu tulikwenda, na mtoto, baada ya miezi ya kununiana. Mshauri akatoa karatasi, akachora familia: mwanamume mraba, mwanamke duara. "Nani mwingine anaishi humo?" Mwanangu wa miaka minane akatuwahi: "Shombo." Ni paka wetu, tulimwokota Feri, kwenye soko la samaki. Mume wangu akaguna. Mshauri akachora umbo kama uru la karata, akauliza, "Shombo huongeleshwa na nani?"

Kicheko kikaniishia. Kila jioni nilikuwa nasema, "Shombo, mwambie babako wali uko mezani, asipoutaka awaachie mende." Naye kutoka kwenye kochi: "Shombo, mwambie mamako nimeshakula nilikotoka." Vijembe ambavyo bibi zetu walivivalia kanga, sisi tulimbebesha paka. Mtoto akisikia yote, kisha anambeba Shombo chumbani na kufunga mlango.

Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, aliiita hali hiyo pembetatu: wawili wakishindwa kustahimili joto lililo kati yao, humvuta wa tatu. Mara nyingi huyo ni mtoto. Kwetu paka alitangulia, na mtoto alikuwa mlangoni anasubiri zamu. Wala kumwingiza mnyama kwenye tiba si mambo ya juzi. Mwaka 1962 Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliandika jinsi mbwa wake Jingles alivyomfungulia njia kwa mtoto aliyejifungia asiongee na mtu.

Najua mtasema uzungu huo, paka ni paka. Sawa. Hakuna aliyeniambia Shombo ni mwanangu, na keki ya kuzaliwa hatumkatii. Tuliulizwa tu maneno yetu yanapitia wapi.

Tukapewa kazi: wiki mbili, marufuku kumsemesha paka mwenzio akiwepo. Siku tatu za kwanza nyumba ilipooza, vijiko tu ndivyo vilivyosikika. Ya nne mume wangu akaweka kijiko chini, akanitazama mimi usoni: "Wali umezidi chumvi." Nikamjibu, "Kesho pika wewe." Shombo alikuwa dirishani anajiramba mkia, hana habari.