Maswali ya Wasomaji: Bara linapoishia upande wa machweo

SWALI: Mhariri, salaam. Wanafunzi wangu wamebishana darasani kuhusu mahali Afrika inapoishia upande wa magharibi. Baadhi wanasema ni visiwa vya Cabo Verde, wengine wanasema ni Senegal. Mmoja wao amesikia pia kwamba mamilioni ya watumwa walipitishwa katika mlango mmoja wa kisiwa cha Gorée. Je, ni kweli? (Mwalimu wa historia, Bagamoyo)

JIBU: Mwalimu, wa alaikum salaam. Tukizungumzia bara lenyewe bila visiwa vyake, waliotaja Senegal ndio waliopata. Ncha ya mwisho ni rasi ya Almadies, iliyomo ndani ya jiji la Dakar, kama vile Ras Hafun ya Somalia ilivyo ncha ya mashariki. Visiwa vya Cabo Verde viko baharini, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, ila jina lao limetoka katika pwani hiyo hiyo. Mreno Dinis Dias alipofika mwaka 1444, baada ya safari ndefu kando ya jangwa, aliiita Rasi ya Kijani, na baadaye visiwa vikapewa jina la rasi.

Almadies penyewe si mahali pa fahari, kwani utakachokiona ni miamba myeusi ya volkano inayoingia baharini na mawimbi yanayopasukia juu yake. Lakini jina lake linatuhusu sisi wa pwani ya mashariki. Almadia, neno ambalo Wareno walilichukua kutoka Kiarabu, ni mtumbwi, na watu wa Vasco da Gama waliita hivyo hata mitumbwi waliyoikuta pwani ya kwetu mwaka 1498.

Alama zinazoonekana kwa mbali ziko kwenye vilima viwili vya jirani, viitwavyo Mamelles, ambavyo ni mabaki ya volkano iliyozimika. Juu ya kimoja upo mnara wa taa uliojengwa na Wafaransa mwaka 1864 ili kuziepusha meli na miamba. Juu ya kingine ipo sanamu ya shaba ya Mwamko wa Afrika, yenye urefu wa karibu mita 50, iliyozinduliwa Aprili 2010 Senegal ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Ni ya mwanamume, mwanamke na mtoto aliyebebwa begani, akinyoosha kidole kuelekea baharini. Ilipingwa sana nchini mwenyewe kwa sababu ya gharama zake, na mimi, kama ningelazimika kuchagua kilima kimoja, ningeupandia mnara wa taa.

Sasa nije kwenye Gorée, ambako swali lako lina uzito zaidi. Ni kisiwa kidogo kilicho kilomita tatu na ushei kutoka bandari ya Dakar, na kilishikwa kwa zamu na Wareno, Waholanzi, Waingereza na Wafaransa. Nyumba ya Watumwa, iliyojengwa mnamo 1776, ina ngazi mbili zilizopinda zinazoukumbatia ua. Juu waliishi wenye nyumba, na chini kuna vyumba vidogo vyenye matundu membamba ya kupitisha hewa. Kati ya ngazi hizo kuna ukumbi mwembamba wenye giza, na mwisho wake uwazi wa mlango uliojaa mwanga wa bahari. Ukisimama kizingitini na kutazama chini utaona mawe matupu, mahali ambapo meli isingeweza kutia nanga.

Wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za meli wanakubaliana kwamba idadi ya mamilioni haiwezi kuwa ya Gorée. Katika eneo lile watu wengi zaidi walisafirishwa kupitia Saint-Louis, kwenye mdomo wa mto Senegal, na kupitia mto Gambia. Hata hivyo nakusihi usiwaachie wanafunzi wako wakadhani kwamba mlango ule ni uongo. Watu waliuzwa Gorée na watumwa waliishi ndani ya nyumba zake hadi Ufaransa ilipopiga marufuku utumwa katika makoloni yake mwaka 1848. UNESCO ilikiingiza kisiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, na wazao wa waliovushwa Atlantiki hufika pale kuwalilia watu wao ambao hawana kaburi lao la kulizuru. Ninyi wa Bagamoyo, mliokulia karibu na njia za misafara, mnalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, waeleze pia kwamba kisiwa hicho kilikuwa na chuo cha ualimu cha William Ponty tangu 1913 hadi 1938. Félix Houphouët-Boigny na Modibo Keïta, waliokuja kuwa marais wa kwanza wa Kodivaa na Mali, walisomea pale.