Rio de Janeiro kwa miguu: lipia mwongoza watalii, na anza na Valongo

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, ukiwa Rio kwa siku chache kabla ya mkutano wako wa São Paulo, je, kuna faida kulipia matembezi ya mitaa ya kale na mwongoza watalii, au utembee mwenyewe na ramani ya simu? La pili, uanzie mtaa gani? Wadau waliotangulia wamekutajia Santa Teresa, ngazi za Selarón na mlima wa Pão de Açúcar. Vyote ni vizuri na sina ubishi navyo. Ila mimi kwa niliyoyaona nakujibu hivi: lipia, na asubuhi yako ya kwanza ipeleke Saúde na Gamboa, mitaa ya bandarini ambayo wenyewe wanaiita Pequena África, Afrika Ndogo.

Sababu ya kulipia ni hii. Cais do Valongo, gati la Valongo, ukilifikia peke yako utaona shimo pana lenye mawe kando ya barabara, uzio, bango na nguzo moja katikati. Utapiga picha, utaondoka. Hapo hapo zilishuka roho zipatazo laki tisa kutoka Afrika, na ndiyo maana UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Mawe hayasemi yenyewe. Anatakiwa mtu wa kukuonyesha jiwe lipi ni la nani.

Mwongozaji wangu alikuwa dada wa Kibrazili, Mweusi, mzaliwa wa huko huko bandarini. Hakuanzia Valongo. Alitukusanya Praça XV, mbele ya Paço Imperial, jumba jeupe ambalo ndani yake ilisainiwa sheria ya kufuta utumwa tarehe 13 Mei 1888. Nikadhani anaanzia mwisho wa hadithi. Kumbe alitaka tuone umbali kati ya jumba hilo na barabara ya nyuma yake, Rua Primeiro de Março, zamani Rua Direita. Ni hatua chache tu. Watu waliuzwa kwenye barabara hiyo, mbele ya milango ya matajiri na makanisa yao, hadi mwaka 1774, Markizi wa Lavradio, aliyekuwa gavana mkuu wa Mreno, alipoamuru soko lihamishiwe Valongo, nje ya mji wa wakati huo. Biashara haikukoma. Waungwana hawakutaka kuiona, basi. Kuanzia hapo mnatembea kuelekea kule soko lilikohamishiwa, na kila kituo kinaeleweka kwa sababu ya kile mlichotoka.

Kituo cha katikati ni uwanja wa kanisa la Santa Rita. Leo tramu inapita pale, watu wanawahi kazini. Chini ya uwanja huo walizikwa Waafrika waliofika na kufa kabla hata hawajauzwa. Soko lilipohamia Valongo, makaburi nayo yakalifuata huko, na tutayafikia.

Sasa gati lenyewe. Lilijengwa mwaka 1811. Kabla ya hapo meli zilishushia watu forodhani, kule tulikoanzia, ndipo wanapelekwa Valongo. Ukisimama kwenye uzio tazama chini kabisa: mawe ya kila umbo, makubwa kwa madogo, yamepangwa kwa mkono bila kuchongwa sawasawa. Hilo ndilo tabaka la 1811. Juu yake kuna mawe ya matale yaliyochongwa vizuri, yenye kingo zilizonyooka. Hayo ni ya mwaka 1843, pale Teresa Cristina, bibi harusi wa mfalme Dom Pedro wa Pili, alipokuwa anakuja kutoka Napoli. Ili ashukie mahali pazuri, walifunika gati la watumwa kwa gati jipya na kuliita Cais da Imperatriz, Gati la Malkia. Mwaka 1911 hilo nalo likafukiwa wakati wa kupanua mji. Likasahaulika miaka mia moja, hadi 2011, walipokuwa wanachimba kuikarabati bandari kwa ajili ya michezo ya Olimpiki, mawe yakaonekana tena.

Wanaakiolojia waliokuwa pale walitoa udongoni shanga, kauri, viko na hirizi. Kilichonishika mimi ni pete. Pete ndogo zilizosukwa kwa nyuzi za mmea, za kuvaa kidoleni. Mtu amenyang'anywa kila kitu, amevushwa bahari, bado anatafuta nyuzi na kujisukia pete. Mwongozaji alituonyesha picha yake kwenye karatasi kubwa aliyoibeba, akatuacha tuitazame kimya kwa muda mrefu. Bila yeye nisingejua kama kitu hicho kipo.

Usiache kutazama ng'ambo ya gati, kuna ghala kubwa la kale. Lilijengwa miaka ya 1870 chini ya mhandisi André Rebouças, mtu Mweusi, ambaye aliweka sharti kwamba hakuna mtumwa atakayetumikishwa kwenye ujenzi huo, wakati utumwa ungali halali Brazili. Waongozaji wengine hulipita haraka. Mwombe wako asimame hapo.

Kutoka gatini ingieni Rua Camerino, ambayo ndiyo ilikuwa Rua do Valongo. Nyumba za biashara zilijipanga hapo, ambamo watu waliotoka melini wamekonda walilishwa, wakapakwa mafuta ngozi ing'ae, ndipo wakatolewa kwa wanunuzi. Juu ya barabara hiyo kuna bustani iliyojengwa ubavuni mwa kilima mwaka 1906, Jardim Suspenso do Valongo, ina sanamu za miungu ya Kirumi: Minerva, Merkuri, Ceres na Mars. Sanamu hizo asili yake zilipamba lile gati la malkia. Ukishajua hilo unaitazama ile bustani kwa jicho jingine kabisa. Hakuna jina hata moja la aliyeshuka gatini, ila wameletwa miungu wanne kutoka Roma.

Halafu mahali ambapo naomba usiparuke kabisa, mkuu, hata kama mwongozaji anasema muda umekwisha. Instituto Pretos Novos, yaani Taasisi ya Weusi Wapya, jina walilopewa Waafrika waliokuwa wametoka tu melini. Iko Rua Pedro Ernesto, Gamboa. Kwa nje ni nyumba ya kawaida ya mtaani. Mwaka 1996 familia iliyoinunua ilikuwa inaikarabati, mafundi wakichimba msingi wakakuta mifupa, na mingine, na mingine. Yalikuwa ndiyo makaburi yale niliyokwambia yalilifuata soko. Daftari la kanisa la Santa Rita linaonyesha zaidi ya watu 6,000 walizikwa hapo kati ya 1824 na 1830 pekee. Nasema kuzikwa, lakini mifupa yenyewe ilikutwa imevunjwa, imechomwa moto na kuchanganyika na taka za majumbani. Leo sakafuni kuna vioo, unainama unaona udongo ule ule ulivyokutwa. Mwaka 2017 walipata mifupa ya mwanamke kijana iliyobaki karibu kamili, wakampa jina la Bakhita.

Hapa lazima nieleze jambo la kwangu. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Dada yule alikuwa anatueleza walikotoka watu waliozikwa pale: wengi Angola na Kongo, halafu akasema Msumbiji, akataja Macua. Nikainua mkono nikamwambia, hao ni kwetu. Wamakua wako Msumbiji na wako kusini mwa Tanzania, na Wayao vivyo hivyo, na mimi ni mmoja wao, bibi yangu aliniimbia kwa Kimakua. Aliacha kuongea. Akaniuliza niseme kitu kwa lugha hiyo. Nikasema salamu niliyofundishwa utotoni. Kulikuwa na mama mmoja wa Kibrazili kwenye kundi, mtu mzima, akaja akanishika mikono yote miwili, akalia. Yeye hajui kabila la wazee wake, na wala hana njia ya kulijua, kwa sababu madaftari ya Rio yaliandika bandari ya kupakilia tu. Aliyetekwa kando ya Ziwa Nyasa na aliyetekwa jirani na pwani, wote waliandikwa "Moçambique".

Kwa hiyo usiende ukidhani ni habari za Afrika Magharibi. Kulikuwa na sababu ya watu wetu kufikishwa huko. Kati ya 1815 na 1817 Waingereza waliwabana Wareno kwa mikataba, biashara ya watumwa kaskazini mwa ikweta ikapigwa marufuku, wafanyabiashara wa Rio wakageukia kusini zaidi, na meli zikazidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane. Kutoka Angola safari ilikuwa mwezi mmoja na ushei. Kutoka Msumbiji ilikuwa miezi miwili au zaidi, na vifo vilikuwa vingi zaidi. Sheria ya Novemba 1831 ilipiga marufuku kuingiza watumwa Brazili, soko la Valongo likafungwa, lakini watu waliendelea kushushwa kwa siri kwenye fukwe nyingine hadi sheria ya pili ya mwaka 1850 ilipokuja na meno.

Mtatoka humo mmechoka roho. Dada yule alijua, akatupeleka Largo de São Francisco da Prainha, kiwanja kidogo chenye migahawa. Kuna sanamu ya Mercedes Baptista, mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia kundi la wacheza dansi la Theatro Municipal, jumba kuu la maonyesho la Rio, mwaka 1948. Kula angu hapo. Ni unga wa mahindi uliopikwa laini kama ugali ambao haujakaza, juu yake wanamwaga mchuzi wa nyama na matumbo. Mimi nilikula sahani nzima nikaomba nyingine.

Hatua chache kutoka hapo ni Pedra do Sal, mwamba uliochongwa ngazi, ambako chumvi ilikuwa inashushwa. Baada ya utumwa, Waafrika na watoto wao, wengi wakiwa wametoka Bahia, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazili, walikaa mitaa hii kwa sababu kazi za kupakua meli zilikuwa hapa. Akina mama wa Bahia ndio waliokuwa nguzo. Aliye maarufu kuliko wote ni Tia Ciata, aliyezaliwa 1854 na kufariki 1924, aliyeuza vitafunio mjini na kufungua nyumba yake kwa ibada na ngoma wakati polisi wakiwasumbua wapiga ngoma. Nyumbani kwake walikutana wanamuziki akina Donga, Pixinguinha na João da Baiana, na hapo ndipo samba ilipokua hadi Donga akasajili wimbo mwaka 1916, unaohesabiwa kuwa samba ya kwanza kuvuma kwa jina hilo. Jumatatu usiku watu hujaa kwenye mwamba ule kwa samba. Nenda, lakini nenda baada ya kutembea mchana, siyo kabla. Ukishajua nani alikaa hapo, ngoma inasikika tofauti.

Sasa ya kiutendaji. Mwongozaji halali Brazili ana usajili wa Cadastur, daftari la serikali la watoa huduma za utalii, mwombe akuonyeshe kitambulisho chake. Praça Mauá, karibu na jumba la makumbusho la Museu do Amanhã, utakutana na mapapasi wa kukuita. Achana nao, panga mapema. Yapo pia matembezi yasiyo na bei maalumu ambayo mwisho wake unatoa bakshishi. Mengine ni mazuri, lakini makundi ni makubwa, na mengi huishia kwenye gati bila kuingia Pretos Novos. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili tu: je, tunaingia ndani ya Instituto Pretos Novos, na lugha ni ipi? Kama hujui Kireno, hakikisha Kiingereza chake kinatosha kueleza, siyo kutaja majina ya majengo tu.

Fanya siku ya kazi, asubuhi. Jumapili katikati ya mji kunakuwa kweupe, barabara tupu, hapafai mgeni kuzubaa. Simu iweke mfukoni unapotembea, itoe ukiwa umesimama na kundi. Vaa viatu vya kufunga, mawe ya mitaa ile yana utelezi na vilima vipo, hasa mkipandishwa Morro da Conceição, ambao ni mzuri na una nyumba za kale za Kireno. Morro da Providência, kilima walichokaa askari waliorudi vita vya Canudos, huko Bahia, mwaka 1897, usipande bila mwenyeji wa huko huko.

Kama utapitia São Paulo kwanza kuja Rio kwa ndege, chagua inayotua uwanja wa Santos Dumont badala ya Galeão. Santos Dumont iko katikati ya mji, na tramu ya VLT inapita mlangoni hadi kituo cha Parada dos Museus, hivyo ukishaweka begi hotelini huhitaji teksi kwa matembezi haya. Na kama safari yako ni Julai, ulizia siku ya kuosha gati: wamama wa Candomblé, dini ya Wabrazili yenye asili ya Afrika, huja na nguo zao nyeupe, maji na maua, wakaosha mawe ya Valongo kwa ajili ya waliopita hapo. Ukipata tarehe zako ziandike hapa, nami nitamuuliza dada yule kama ana nafasi.