Maji yakikurudi na mimba
Mdogo wangu wa Wete, umesema mimba ya miezi 3, maji matupu yanakurudi, na joto la kaskazi ndiyo hilo. Pole, mama. Usigugumie gilasi nzima. Piga funda mojamoja kila baada ya dakika chache, yawe baridi, uyakamulie ndimu. Kwa siku ufikie gilasi 8 hadi 12, na dafu, uji mwepesi na supu vimo hesabuni. Maji yachemshwe, hata ya mtungini. Kahawa ya barazani waachie wanaume! Tazama mkojo: ukiwa kama chai ya rangi, hujanywa. Hata funda likikataa kukaa tumboni, au kutwa hukukojoa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.