Kabla hujamwita Mbabeli mwongo

Wadogo zangu wa falaki ya kale, wiki hii tena nimekaa kwenye semina nikamsikia mmoja wenu akitangaza kwamba "kibao kina makosa". Kila mwaka ni hivyo hivyo: mwongo ni Mbabeli, yule mwandishi wa kale aliyeandika mahali pa sayari kwenye kibao cha udongo, mkweli ni kompyuta. Nimechoka, lakini nawapenda, basi someni.

1. Mwaka. Programu za anga zina mwaka sifuri, historia haina: 1 KK kwao ni 0, 2 KK ni -1. Kwa hiyo 410 KK unaingizwa -409. Mmeshaambiwa, na bado mnaandika -410. Nami niliandika hivyo hivyo, tena mbele za watu. Nilipewa ile horoskopu ya 410 KK, yaani kibao kinachotaja sayari zilikuwa wapi mtoto alipozaliwa, miongoni mwa kongwe kabisa tulizonazo. Mtoto wa Shumu-usur kazaliwa katika Nisanu, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Babeli. Mwezi uko chini ya gando la Nge, Mshtarii katika Samaki, Zuhura katika Ng'ombe, Zohali katika Kaa, Mirihi katika Mapacha. Utaridi imezama, haionekani. Nikaingiza -410, Mshtarii ikatokea kwenye Ndoo. Mtu mwenye akili angejishuku. Mimi nikajaza kurasa nikieleza kwamba mwandishi alizipanga sayari apendavyo ili kumfurahisha baba mtoto, nikatia na neno "propaganda" kwa wino mzito. Nikasoma kwa sauti kama hakimu. Mwalimu wetu, mzee mpole, akauliza tu: "Hapo kwenye mwaka umeweka ngapi?" Akainuka, akabadilisha tarakimu, na Mshtarii ikahamia Samaki huku darasa zima likitazama skrini. Zilizobaki nazo zikakaa palepale alipozitaja mwandishi. Nilikuwa bado nimeshika karatasi zangu, zile za propaganda, sijui niziweke wapi. Kilichoniuma zaidi ni Utaridi: mwandishi isiyoonekana alisema haionekani, akaishia hapo.

2. Siku ya Babeli inaanza jua likizama, kama ya kwetu pwani. Usiku wa tarehe 14 unatangulia mchana wake.

3. Acheni kutafuta buruji inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa kwenye vibao vya Babeli. Hiyo nendeni kwa Wayunani, kwa wanajimu wao Ptolemaio na Vettius Valens, karne ya 2 BK. Mbabeli anakupa sayari na mahali zilipo, na mara nyingi maana hakuelezi.

4. Enuma Anu Enlil ni vibao kama 70 vya ishara zinazomhusu mfalme na nchi: kupatwa kwa mwezi, vita, mavuno. Anayeniletea nyota ya kuzaliwa ya mkulima kutoka humo, namrudisha nayo. Na wanaolalamika kwamba maoni yangu ni makali wasome barua alizoandikiwa Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, na wataalamu wake katika karne ya 7 KK. Kuna mtu alimwandikia mfalme kwamba Zuhura imeonekana. Nabu-ahhe-eriba, mmoja wa wataalamu hao, akaandika kwamba aliyesema hivyo ni mtu duni, mjinga na tapeli, maana Zuhura bado haijatokea. Hayo yalikwenda mezani kwa mfalme mwenyewe, mwenye uwezo wa kukuondolea riziki. Mimi pembeni ya ukurasa naandika tu "rudia hesabu".