Mida nimeona tope tu, ndege wako wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Jumapili nilitoka Kilifi na watoto wawili mpaka Mida Creek pale karibu na Watamu, nimesikia sifa za ndege mpaka basi. Tulifika saa nne asubuhi, usiku wake mwezi ulikuwa mpevu. Tukaona tope na vidoti huko mbali, watoto wakaanza kulia jua. Tatizo ni sina darubini ama? Na ninunue gani? Mama wa wawili, Kilifi

JIBU: Marahaba mamangu, pole kwa nauli. Hivyo vidoti ndo ndege wenyewe! Shida ni maji. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku ambazo bahari inajaa sana na kupwa sana, na huku kwetu bamvua maji yanakupwa kabisa saa nne nne hivi asubuhi halafu yanajaa saa kumi jioni, sasa yakipwa ndege wanatawanyika tope lote kutafuta kaa na minyoo, we utamuona nani? Siku kama hiyo fika saa saba na nusu au nane, pita lile daraja la mbao kwenye mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, mkae kimya. Maji yanavyopanda yanawasukuma wanakuja wenyewe mbele yenu. Ila kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo usikariri saa, uliza mvuvi.

Darubini 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha, ya kukuza mara 10 inatikisika sana mkononi, na mkononi mwa mtoto ndo usiseme.

Waambie wanao wamtafute yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, Wazungu humwita crab plover, kazi yake kuvunja kaa. Huyo ni wa Uarabuni, anazalia Oman na pande zile, anachimba shimo mchangani kabisa na kutaga yai moja, joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Halafu anakuja huku na mwanawe, na hilo toto kubwa zima bado linamfuata mzazi likipiga mluzi lilishwe (mimi hapo hucheka, nakumbuka wa kwangu). Vile vitwitwi vidogo vyenye mdomo uliopinda kidogo vimetoka Siberia.

Njoo kabla Aprili haijaisha manake wengi wanaondoka, na wale wa Siberia wakikaribia safari wanageuka wekundu kifuani. Ukichelewa subiri Septemba. Na kofia za watoto usisahau tena.