Waleti ya Mabaki: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Maswali ya waleti za kushona nyumbani yamekuwa mengi kiasi kwamba leo nayajibu hayo tu, wale wa zipu za mabegi mtanisubiri kidogo.

Nina suruali ya jinzi iliyochanika magotini, tyubu ya baiskeli na mkoba wa zamani wa ngozi. Nianze na kipi nipate waleti ya kukaa miaka?

Anza na mkoba, ila kwanza hakikisha ni ngozi kweli. Geuza uangalie upande wa ndani, ngozi ina nyuzinyuzi zilizochanganyikana hovyo na ukidondosha tone la maji linanywewa polepole, sasa ukikuta kitambaa kilichofumwa au sponji ujue hiyo ni ya bandia, na ya bandia ikishaanza kubanduka magamba usihangaike nayo, ule utando wa juu umeshakufa hata uupake nini. Kama ni ngozi halisi basi kata sehemu za ubavuni au kwenye mfuniko, zile kona za chini zimeshalika.

Jinzi nayo nzuri, chukua nyuma ya mguu chini ya goti maana mapajani na makalioni pameshachakaa hata kama kwa macho huoni. Shida yake inafumuka, kwa hiyo lazima ukunje pindo, na pindo juu ya pindo unene unapanda mpaka waleti inakaa mfukoni kama mkate. Tyubu ya baiskeli ukiipasua mara nyingi haitoshi upana kwa mwili wa waleti, labda uunge vipande viwili, ya gari ndo inatosha.

Halafu kitu ambacho watu wanakitupa bure: kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Chembamba, kigumu kuchanika, hakinywi maji, na kingo ukizipitishia moto wa kiberiti kwa mbali zinayeyuka kidogo na hazifumuki tena. Mimi kwa mifuko ya ndani sitafuti kingine. Nje ngozi, ndani mwavuli, umemaliza.

Nipe vipimo kamili tafadhali, niliyoshona kadi haziingii.

Kadi za benki karibu dunia nzima zina kipimo kimoja, milimita 85.6 kwa 54, ila ukikata mfuko wa milimita 86 ndo hayo yaliyokukuta, kwa sababu mshono unakula nafasi pande zote mbili. Hesabu hivi: kadi 86, jumlisha milimita 4 za mshono kila upande, jumlisha 5 au 6 za kupumulia, unafika kama milimita 100. Kwa hiyo waleti ya kukunja mara moja inakuwa na kama milimita 200 ikiwa wazi, na hapo noti nyingi zinalala vizuri bila kukunjwa (ya dola ina urefu wa milimita 156 na kimo 66, za yuro 50 na 100 zina kimo 77). Chukua noti ndefu zaidi unayotumia uipime mwenyewe kwa rula, halafu kwenye kimo ongeza kama sentimita moja na nusu.

Sasa hapa sikiliza vizuri maana hapa ndo waleti nyingi zinaharibikia. Kipande cha nje kiwe kirefu kuliko cha ndani kwa milimita 4 mpaka 6, kwa sababu ukikunja cha nje kinazunguka njia ndefu zaidi. Ukivikata sawasawa waleti haitaki kufunga, inajifungua yenyewe mezani, na ndani kitambaa kinajikunyata pale katikati mpaka kinatoboka.

Na mifuko ya kadi ikiwa mitatu kwa kupandana, usiishushe yote mpaka chini. Ile miwili ya nyuma ikate kwa umbo la herufi T, yale masikio ya juu ndo yanaingia kwenye mshono wa pembeni na mguu wa T unakuwa mwembamba, unaushona chini peke yake kila mmoja kwa kimo chake. Ule wa mbele tu ndo mstatili mzima. Acha kama milimita 12 kati ya mdomo wa mfuko mmoja na mwingine. Jaribu kwanza na karatasi ngumu, karatasi haikugharimu kitu.

Mshono unaachia baada ya muda mfupi, natumia uzi wa kawaida wa nguo. Tatizo uzi au mkono?

Vyote viwili, usinune. Uzi wa pamba unalika kwa jasho na msuguano, tafuta wa poliesta au nailoni mnene, hata ule uzi wa kusafishia meno unafanya kazi vizuri sana. Upitishe kwenye nta ya mshumaa mara mbili tatu.

Kushona kwenyewe tumia sindano mbili, moja kila ncha ya uzi mmoja, uzi uwe kama mara 4 ya urefu wa mshono. Toboa matundu kwanza kwa msharasi au msumari mwembamba, milimita 3 mpaka 4 kati ya tundu na tundu na milimita 4 kutoka ukingoni, halafu kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja toka kulia nyingine toka kushoto, vuta sawa. Uzuri wake ni kwamba ukikatika sehemu moja, upande wa pili bado umeshika, wakati mshono wa mashine nyuzi mbili zinategemeana, moja ikikatika nyingine inalegea na unafumuka taratibu. Matundu usiyabananishe ukidhani ndo unaimarisha, unaichanachana ngozi tu. Ukifika mwisho rudi nyuma matundu mawili matatu, kata, yeyusha ncha kwa moto. Na pale kwenye midomo ya mifuko zungusha uzi mara mbili, huko ndo panapovutwa kila siku.

Gundi peke yake haitoshi?

Haitoshi. Gundi ya viatu ni ya kushikilia vipande visitembee wakati unashona: paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haikushiki kidole, ndo ubandike. Dirisha wazi lakini, ule mvuke sio mchezo.

Tyubu ya gari ina harufu na inachafua mikono, naitoaje?

Sugua kwa sabuni ya vyombo na brashi, hasa ndani kwenye ule unga mweupe, suuza, anika kivulini siku kadhaa, rudia. Harufu inapungua sana, kwisha kabisa inachukua muda. Msilete habari za kupaka mafuta ing'ae, mafuta yanauvimbisha mpira na kuulegeza. Ikijikunja ibane chini ya vitabu vizito. Kwenye mashine mguu wa mashine ukiinata weka karatasi juu, shona pamoja nayo, kisha ichane.

Nikiweka foili ya jikoni ndani itazuia kadi yangu isisomwe kwa mbali?

Itazuia, alumini inakata yale mawimbi ya redio yanayosoma kadi, ila foili inapasuka pale pa kukunja, kwa hiyo weka vipande viwili, kimoja kila upande, katikati ya tabaka la nje na la ndani. Bora zaidi kata boksi la juisi au maziwa ya muda mrefu, lile lina alumini tayari katikati ya karatasi na plastiki. Ila kumbuka ukifunika pande zote, kila ukitaka kulipa kwa kugusa lazima uitoe kadi, na kama mazoea yako ni kuigusisha waleti nzima kwenye mashine basi foili usiiweke.

Na sarafu je, niweke kimfuko chenye zipu?

Hapana, zishonee kimfuko chake peke yake, nje ya waleti. Sarafu zinatanua mshono na kukwangua kadi.